Aliyekanyaga Breki

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na jioni ile mimi nilikuwa na mke aliyeninunia.

Gari langu lilikuwa limenitia aibu kambi nzima ya Nakivale. Kila nikishika breki linalia kama nguruwe anayechinjwa. Jirani yetu Gakwaya alizoea kusema nikifunga breki Mbarara, yeye huku anasimama kufungua mlango. Basi nikanunua kwa Faizo, muuza vipuri wa Nyamityobora, mjini Mbarara, kalipa mbili za mtumba, vile vyuma vinavyobana diski za magurudumu ya mbele, nikazifunga mwenyewe nyuma ya nyumba. Kesho yake asubuhi mke wangu, Mukarukundo, alitakiwa hospitali Mbarara kufanyiwa operesheni ya uzazi. Rénovat, mtoto wetu wa kwanza, alifia njiani tukisubiri gari la watu. Huyu wa pili niliapa hatasubiri gari la mtu.

Ilibaki kutoa hewa tu. Mmoja anakaa ndani anakanyaga pedeli, mwingine analala chini, anafungua nati ndogo ili mafuta yenye mapovu yatoke.

"Ingia ukanyage," nilimwambia.

"Na hii tumbo? Usukani nitauweka wapi? Ita Gakwaya."

"Ukuwe unasikia, hata mara moja tu!"

"Siingii." Akaenda zake.

Nililala chini ya gari nikimlaani kimoyomoyo. Jua lilikuwa linazama. Kisha nikasikia mlango wa dereva ukifunguliwa... ukafungwa. Gari likainama kidogo. Nikatabasamu peke yangu. Maneno mengi, halafu anakuja.

"Kanyaga."

Pedeli ikashuka. Nikafungua nati, mapovu yakatoka.

"Achia."

Ikapanda.

Hakusema neno. Sawa, hata mimi najua kununa. Tulimaliza upande wa kulia, tukahamia wa kushoto. Kanyaga. Achia. Haijawahi kutokea katika ndoa yetu nikatiiwa namna ile. Kitu kimoja tu kilinisumbua, harufu. Mpira ulioungua... na gari lilikuwa limelala baridi tangu asubuhi.

"Kanyaga," nilisema mara ya mwisho, nikakaza nati.

"Baba Rénovat, unasemesha nani?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Upande wa jikoni.

Niligeuza shingo. Karibu na kichwa changu nikaona kandambili za mke wangu.

Na juu yangu, ndani ya gari, mtu akashusha pumzi.

Nilitoka kwa kujiburuta, nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti kilikuwa kimebonyea, na pedeli ilikuwa chini kabisa, imegusa sakafu. Mukarukundo aliona pia. Alishika tumbo, akapiga yowe, na maji yakamtiririka miguuni.

Hata nafasi ya kuogopa sikuipata. Nilirudishia magurudumu, nikamlaza kiti cha nyuma, nikawasha. Injini ikanguruma, gari halikusogea. Nilipenyeza mguu chini ya pedeli nikaivuta juu. Ilikataa.

"Huyu naye atatufia humu," Mukarukundo alinong'ona.

Nilikemea kwa jina la Yesu. Haikutikisika. Basi nikainama, nikamwambia mtu nisiyemwona:

"Achia."

Ikapanda. Polepole sana, kama mtu anayekuuliza una hakika.

Tulifika. Mtoto alizaliwa mzima, msichana. Njia nzima breki hazikulia hata mara moja.

Siku ya kuwarudisha nyumbani nilipitia kwa Faizo, hasira imenijaa mpaka kooni. Duka lake liko kwenye mteremko. Niliwaacha mama na mtoto kiti cha nyuma, nikashuka.

"Uliniuzia nini?"

"Muzee, wewe ulitaka kalipa, mimi nilikupa kalipa."

"Ulizitoa wapi?"

Alitazama barabarani kwanza, akashusha sauti. "Kwa gari ya akisidenti. Lori iliigonga juu ya kilima, ikabaki pale kwa ukingo. Dereva alikufa palepale, lakini mguu ilibaki kwa breki. Gari haikuteremuka. Abiria wote walitoka wazima. Walipoinua ile mguu tu... gari ikaenda chini."

Yule mtu alishikilia hata baada ya kufa. Na mimi ndiye niliyemwambia aachie.

Niligeuka.

Gari langu lilikuwa linateremka.

Kimya kabisa, kwa breki zangu nzuri zisizolia. Breki yangu ya mkono ni pambo tu, na kwa hasira nilikuwa nimesahau kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kule chini ni barabara kubwa, malori yanapishana.

Nilikimbia, viatu vikabaki njiani. "Kanyaga! Nakuomba, kanyaga!" Watu walisimama kunishangaa, kwa maana mbele hapakuwa na dereva wa kuambiwa.

Taa nyekundu za nyuma zikawaka.

Gari lilisimama pembeni kabisa mwa lami, lori likapita likipiga honi. Nilifika nikihema, nikashika dirisha. Nilikuwa nalia na sikuona haya. Mukarukundo hakunitazama. Alikuwa amekodoa macho kwenye kiti cha dereva, na amemfunika mtoto uso kwa kitenge.

"Baba Rénovat," alinong'ona, "anauliza mutoto anaitwa nani."