Neno Langu Lilitaka Kumuua Mama

Mimi Isaro nilikaribia kumuua mama yangu mzazi. Si kwa sumu. Kwa kutaja saa.

Jumamosi asubuhi, hapa Buffalo, Marekani, tulikuwa jikoni tunachambua maharagwe. Mara mdomo wake ukaenda upande… akaita jina langu, likatoka limevunjika.

Nikapiga 911, namba ya dharura.

Hospitalini nesi aliniuliza kwa Kiingereza ilianza lini. Nikajibu mwenyewe, najiona mjanja: "Two o'clock." Akaandika.

Bon, wakampiga picha ya kichwa. Kiharusi. Damu imeganda, imeziba mshipa.

Kaka yangu Rwema, aliye Columbus, alikuwa kwenye simu anagomba. Alitaka dawa ya dripu, ile aliyopewa baba mdogo kule Louisville, ikaingia saa nzima, akapona. Alisikia siku hizi kuna mpya, sindano moja basi.

"Usikubali, Isaro. Wanatujaribia sisi wakimbizi."

Dokta akaleta mkalimani kwa simu. Akasema zote mbili zinayeyusha damu, matokeo karibu sawa, ila ya sindano inaingia haraka. Na zote zinaweza kuvujisha damu kichwani.

"Lakini mama yenu hatumpi hata moja. Mwisho ni masaa manne na nusu tangu ugonjwa uanze. Yeye alianza saa nane ya usiku."

Saa nane ya usiku? Mama alikuwa anakoroma pembeni yangu…

"Nani kawaambia hivyo?" Rwema akauliza.

Jamani, hapo ndipo nilipoelewa. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwa saa zao ni eight. Mimi nilisema two. Na two yao ndiyo hiyo saa nane ya usiku.

"Mimi, kaka."

Nikamshika dokta mkono, nikamwonyesha kwenye simu yangu muda niliopiga 911. 8:04. Ukutani ilikuwa 9:20.

Alikimbia.

Wakamchoma ile ya sindano moja. Rwema hakutaja dripu tena, nilimsikia anasali. Mimi niliukodolea macho uso wa mama, nikingoja damu ivuje…

Haikuvuja. Mchana mdomo ukanyooka kidogo. Mkono wa kuume bado mzito.

Ndugu msomaji, tuligombania dawa, kumbe saa ndiyo ilikuwa inamuua. Ukifika hospitali usijitafsirie. Ngoja mkalimani, onyesha simu.

Jioni mama akauliza polepole: "Isaro, saa ngapi?"

Niliogopa kujibu. Nikamgeuzia simu asome mwenyewe.