Nyumba ya Njano ya Amparo

“Quico, usikanyage hapo!”

Nilikuwa natoka jikoni; nikabaki na mguu mmoja hewani. Sakafuni palikuwa na nyayo za miguu mitupu, mbichi, zinang'aa maji. Zilitoka mlangoni hadi katikati ya sebule, zikasimama. Na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

“Za nani hizi?”

“Za Batiste.”

“Amparo, mumeo alizama na mashua yake miaka minane iliyopita. Si nilisimama nawe kanisani?”

“Kwani nimesema hakuzama?” Akachukua tambara, akaanza kufuta kama anafuta maziwa yaliyomwagika. “Huja mchana, mji mzima ukilala. Husimama hapo, halafu huondoka. Ndiyo maana sijakujibu, mpenzi. Nitaolewaje na wewe wakati mwenzako bado anarudi nyumbani?”

Mimi nilikuwa dereva wa basi, nikipandisha watalii kutoka fukwe za Benidorm hadi ngome ya Guadalest, na kwenye kona zile za mlimani nimeona mambo nikiwasimulia mtacheka. Lakini siku ile nilichovya kidole kwenye unyayo, nikaonja. Chumvi tupu.

“Na anaijuaje nyumba? Macho si yalishaliwa na samaki?”

“Shika adabu yako! Anaijua kwa rangi. Unadhani kwa nini hapa Villajoyosa nyumba za ufukweni kila moja ina rangi yake? Baharia aione ya kwake angali majini. Yetu ni njano tangu enzi za babu yake.”

“Basi tubadilishe rangi.”

Alininunia wiki nzima, halafu akakubali. Tukaipaka buluu, na nyayo zikakoma. Amparo akaanza kuimba jikoni, akanipa jibu nililolingoja, nami nikaenda kwa padri kupanga ndoa ya Jumamosi. Padri hajafungua hata kalenda, simu ikaleta ujumbe wa Amparo:

“Bi Tonica anapiga kelele. Njoo sasa hivi.”

Bi Tonica, jirani wa nyumba ya rangi ya waridi, alikuwa mlangoni na gauni la kulalia, ufagio mkononi.

“Wewe dereva! Mwambieni marehemu wenu anikome! Nimeamka, kochi langu jipya limelowa chapachapa!”

“Umemwona?”

“Nimwone nimekuwa kichaa? Nimeona maji, na nyumba inanuka mwani. Jana alikuwa kwa kinyozi, juzi nyumba ya kijani. Mmempoteza mtoto wa watu!”

Nikatazama barabara. Saa tisa, jua linachoma, watalii wamejilaza mchangani kama samaki wa kukaushwa. Mbele ya kila mlango palikuwa na nyayo: zimefika, zimesimama, zimegeuka. Jua halikuzikausha. Mbele ya mlango wa buluu zilikuwa nyingi kuliko kote, zimezunguka na kuzunguka, kama za mtu anayejua ni hapa lakini haamini.

Amparo alikuwa amekaa kizingitini, macho yamevimba.

“Bahari haikumpoteza, Quico. Tumempoteza sisi. Naenda kwa dada yangu kule Relleu. Usinitafute.”

“Na Jumamosi?”

“Jumamosi ipi?”

Akapanda basi la mlimani. Maisha yangu yote nimeendesha basi milimani. Sikujua kwamba ukilitazama kwa nyuma linauma hivyo.

Kesho yake mchana nilikuja na kopo la rangi ya njano na ngazi ya kuazima, inayoyumba kama mlevi. Nilipofika juu, ikatulia. Tuli, kama imepigiliwa misumari. Mtaani hapakuwa na mtu. Chini yangu nikasikia tone la maji. Jingine. Jingine.

Sikutazama chini. Nikachovya brashi.

“Batiste,” nikauambia ukuta, “ni mimi, Quico. Nampenda mkeo. Unajua, maana unasimama palepale tunapoongea. Rangi yako nakurudishia, nimuoe nisimuoe. Lakini kama hutaki nimuoe, iachie ngazi sasa hivi.”

Tone. Tone.

“Fikiri vizuri, bwana. Nina umri wa kuvunjika nyonga.”

Ngazi haikutikisika. Nikapaka hadi pembe ya mwisho, nikashuka nimefumba macho, nikampigia Amparo.

“Nyumba ni ya njano tena.”

“Umeipaka wewe? Wewe unayeogopa kupanda kiti? Nani alikushikia ngazi?”

“Mumeo.”

“Usiiguse hiyo ngazi. Nakuja.”

Alishuka asubuhi na basi la kwanza, akainama mbele ya ile ngazi. Kwenye miti yote miwili kulikuwa na alama za viganja, nyeupe kwa chumvi. Akaweka viganja vyake juu ya alama zile, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponigeukia alikuwa analia na kucheka.

“Angekukataa angekuangusha. Batiste hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo mwambie padri, Jumamosi ni ileile.”

Mchana ule alipika wali wa samaki, akaandaa meza dirishani. Sahani tatu.

“Kaa upande ule, Quico. Mwenzako hapendi kuipa bahari mgongo.”

Nikakaa, nikaangalia chakula changu tu. Kisha, upande wa pili wa meza, kijiko kikagonga sahani ya tatu.