Mnyororo wa Kiwanda cha Nyangumi

Harufu ilianza asubuhi, wakiwa bado wanafungua vifaa: harufu ya mafuta ya nyangumi yanayochemka, katika kiwanda ambacho moto wake ulizimwa kabla wao hawajazaliwa.

"Shemeji, umeoga kweli?" Rannvá aliuliza.

"Nimeoga. Ni hiyo nyama yako ya kondoo uliyoianika kwenye upepo," Høgni alijibu, lakini hakucheka.

Walikuwa wamekuja kupima na kupiga picha kila kilichobaki kwenye ghuba ile ya Visiwa vya Faroe kabla kutu haijakimaliza: matangi, mashine za mvuke, na sakafu ya mbao iliyoinamia baharini, ambako nyangumi walivutwa juu kwa mnyororo wakachunwa. Høgni, aliyemwoa dada wa Rannvá, aliteremka sakafuni na ncha ya utepe wa kupimia.

Mnyororo ukasogea.

"Rannvá, acha utani."

"Sijagusa kitu!"

Mashine ya kuvuta mnyororo, iliyoganda kwa kutu, ikakohoa, ikazunguka. Mnyororo ukamnasa Høgni kwenye kifundo cha mguu, ukamwangusha kifudifudi, ukaanza kumburuta kupanda juu, kidevu kikigonga mbao, kucha zikimng'oka, huku pande zote mbili, mahali pasipo na mtu, viatu vya misumari vikitembea taratibu sambamba naye, ko, ko, ko, na sauti za wanaume zikinong'ona kama vibarua wanaosubiri kazi ianze.

Rannvá alikuja mbio na shoka lao la kuvunjia milango iliyokwama. Akapiga mnyororo. Cheche tu.

"Kata mguu!" Høgni alilia.

"Dada atanilaani!"

"Atakulaani zaidi nikifika juu! Kata!"

Alipiga. Mfupa ulipasuka kama kuni, damu ikamrukia mdomoni. Mnyororo ukaenda na kiatu. Alimfunga mkanda juu ya kidonda, akamburuta hadi kwenye gari, akaendesha huku akilia kwa sauti.

Hospitalini, daktari alitoka akiwa amepauka.

"Ataishi. Nani mwingine alikuwa huko?"

"Sisi wawili tu. Mguu nilimkata mimi, pigo moja."

"Mguu nimeuelewa, mama. Nakuuliza kuhusu mgongo."

"Mgongo una nini?"

Daktari alishusha sauti. "Umechunwa. Vipande virefu, vimenyooka, tangu shingoni mpaka kiunoni, na ngozi yenyewe haipo. Lakini sweta tuliyomvua haina hata tundu."