Maji Ndani ya Kabureta

Lori la Amur lilizimika mara ya tatu mbele ya gereji ya Yahaya, mtaani Jabe, na tangi limejaa esansi, yaani petroli.

Yahaya hakuharakisha. Alichomoa mpira wa tangi, esansi ikachuruzika safi. Akapuliza chujio, akaijaribu pampu, ilisukuma. Akafungua kabureta. Kikombe chake, panapokaa esansi, kilijaa maji yenye harufu ya tope la mto Ntahangwa.

"Balikuuzia esansi ya maji, mzee."

"Apana," Amur alijibu chinichini, amekaa kwenye usukani. "Tengeneza tu."

Yahaya alimwaga, akakausha, akafunga. Injini ikakohoa, ikafa. Alipofungua tena maji yalikuwa yamerudi, na ndani yake ulielea msuko wa nywele za mwanamke.

Akashika mpira wa esansi apulize. Mpira ukampulizia yeye, baridi, na sauti ikanong'ona: "Mi Médiatrice. Umuulize Amur alinishusha wapi."

Yahaya alikwenda dirishani. "Médiatrice ni nani?"

Uso wa Amur ukawa wa majivu. "Ile siku risasi zililia, aliniomba nimuvushe mto pamoja na abiria bengine. Ku barieri ya darajani vijana balikuwa bamefunga njia, balisema, tutolee mumoja, wengine mupite. Nilimutoa. Nilisikia bakimutupa mu mto."

Vioo vikapanda, milango ikajifunga, na kutoka chini ya pedali maji ya tope yakaanza kuja, yakamfika Amur magotini, kifuani, shingoni, naye akikipiga kioo kwa viganja viwili na kuliita jina la Yahaya, na Yahaya kasimama mchana kweupe na spana nzito mkononi, pigo lake moja lingetosha kukivunja kile kioo, anasoma Ayatul Kursiyu na kuirudia, mkono haunyanyuki, na mpaka leo hajui kama ni yule mwanamke aliyeushika au ni yeye mwenyewe aliyeukataza.

Majirani walipofungua mlango, kiti kilikuwa kikavu, nguo za Amur kavu. Mdomo wa maiti yake ulijaa mchanga wa mtoni.

Sheikh Faruk aliletwa alifukuze jini. Aliweka mkono kwenye boneti, akauondoa upesi.

"Jini ningelifukuza," alisema taratibu. "Huyu ni mutu, na hajamaliza. Anatafuta bale ba barieri. Muache apite."

Watu wakasogea pembeni. Lori likawaka lenyewe, bila kukohoa, likaingia barabarani bila dereva, likashika njia ya darajani.