Kiota cha Bata Mwitu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Praxeda alishika fagio la chelewa akafagia uwanja wa kwao, katika mtaa wa Nguvumali. Alifagia kwa mistari mpaka mchanga ukafanana na mkeka mpya. "Uwanja mchafu huaibisha nyumba," mama yake, Benedikta, alizoea kusema, na Praxeda hakupenda aibu.

Kisha alikwenda bwawani. Nyuma ya mtaa wao palikuwa na eneo la kiwanda cha zamani cha mkonge. Mashine zilikwisha kuondolewa, kuta zikabaki zimevaa majani, na shimo lililokuwa likipokea maji machafu sasa lilijaa maji ya mvua, likawa bwawa. Wakazi waliokota vyuma na vioo, wakapanda miti, wakapafanya hifadhi ya ndege. Asubuhi ukungu ulitambaa taratibu juu ya maji. Yangeyange walisimama kutani, weupe na wakimya. Praxeda aliona kama ardhi ile ingali imelala, na ndege ndio ndoto zake.

Wanafunzi wa darasa la sita walipewa zamu za kuilinda hifadhi. Praxeda na mwenzake Yasini walipewa upande wa matete. Bata mwitu wawili walikuwa wameonekana huko, na mtaa mzima ulisubiri wajenge kiota, kwa kuwa hakuna bata aliyewahi kutaga hapo.

Ijumaa moja aliyatazama matete yale. Yalikuwa makavu, ya manjano, yameinama ovyo. "Wageni wakija kutazama ndege, wataona takataka hizi?" alijiuliza. Akachukua mundu, akakata, akafagia mpaka ukingoni. Ndege mmoja aliruka kwa kishindo, lakini Praxeda hakujali. Alisimama akatabasamu. Pahali pale paling'aa kama uwanja wa kwao.

Kesho yake Bi Mwanaima, mwenyekiti wa kamati ya hifadhi, aliwaita wanafunzi ukingoni.

"Shikamoo, Bi Mwanaima!"

"Marahaba, wanangu. Leo sina habari njema." Akaonyesha maganda ya mayai yaliyopasuka. "Bata alikuwa ametaga humu, kati ya mashina. Matete yamekatwa, kunguru wakayaona mayai, wakayala. Nani kakata?"

Praxeda aliyatazama maganda yale.

"Yasini huyo!" Lucas alidakia. "Nani mwingine hukata majani kila siku? Mbuzi wake wanakula mpaka ndala!"

Wenzake wakacheka.

"Mimi nakata kule barabarani," Yasini alijitetea. "Wallahi, humu sijagusa!"

"Mwizi gani hukubali?" Lucas alisema.

Bi Mwanaima aliwanyamazisha, lakini aliamua Yasini apumzike zamu mpaka ukweli ujulikane. Yasini, aliyekuwa akiwajua ndege wote wa bwawa lile kwa milio yao, aliondoka ameinamisha kichwa. Praxeda alifungua mdomo, akaufunga.

Watoto walipotawanyika, yeye alibaki. Bwawa lilikuwa shwari, na ndani yake aliona uso wake ukimtazama. Alishindwa kuutazama. Akamfuata Bi Mwanaima, aliyekuwa akikusanya maganda.

"Bi Mwanaima, ni mimi. Nilitaka papendeze."

"Papendeze machoni pa nani, mwanangu?" Sauti yake haikupanda. "Kwako ni taka. Kwa bata ni ukuta na mlango."

"Sikujua."

"Kutojua nakusamehe. Lakini Yasini aliposhutumiwa, hukujua pia?"

Machozi yakamtiririka. "Nitamwomba radhi."

"Na wale waliomcheka?"

Praxeda alipangusa macho. "Nitasema mbele yao."

Jumatatu, shuleni, mstarini, alisema yote bila kujificha.

"Kumbe Mama Usafi!" Lucas alipiga kelele.

"Na wewe uliyenisingizia?" Yasini akamgeukia. Lucas akatazama viatu vyake, akanong'ona, "Samahani." Kisha Yasini akamsogelea Praxeda. "Wewe ungeachiwa, ungefagia hata bahari," alisema, na kicheko kikawaponyoka wote wawili.

Yasini alirudishiwa zamu. Jioni zilizofuata, yeye na Praxeda walichomeka matete makavu matopeni ili pawe na kificho. Mvua za vuli ziliponyesha, matete mabichi yakachipua katikati yake, yakakua, yakainama ovyo, wala hakuna aliyeyagusa. Asubuhi moja yenye ukungu, bata mwitu alitoka humo akielea kama wingu dogo, na nyuma yake vifaranga, wepesi kama manyoya.

Wanafunzi walichutama ukingoni kutazama. Bi Mwanaima alisema polepole, asije akawashtua ndege:

"Ardhi hii iliharibiwa na watu wasiouliza, na wale walioona wakanyamaza. Ninyi ulizeni kabla ya kushika mundu. Na mkikosea, semeni mapema, maana ukweli ukichelewa, kuna asiye na kosa anayeulipia."