Sakafu Mpya ya Wacheza Bomba

Kila Jumanne na Alhamisi jioni, wanawake wa mtaa wetu hapa Loíza hukutana ukumbini kucheza bomba. Bomba ni ngoma ya mababu zetu, waliotolewa Afrika kwa nguvu na kuletwa Puerto Rico kukata miwa. Mwalimu wa kikundi ni Migdalia. Ni fundi wa kushona, ana watoto watatu, na hana subira.

Mwezi wa Machi wachezaji walikuwa kumi na mmoja. Mwezi wa Mei walibaki watano.

"Wenzenu wako wapi?" Migdalia aliuliza kwa hasira. "Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ni Julai! Tutacheza watano, kama watu waliokosa basi?"

"Nereida anaumwa magoti," alijibu Ivelisse, aliye mdogo kuliko wote. "Luz anaumwa kiuno. Mimi naumwa nyayo, ila nakuogopa."

"Visingizio! Huyo Nereida ni gunia la viazi. Bibi zetu walicheza wakiwa na miaka themanini!"

Lakini Migdalia mwenyewe alikuwa anachechemea. Kwa wiki tano alikuwa na maumivu kwenye mfupa wa mbele wa mguu wa kulia, chini ya goti. Kila asubuhi alijisugua kwa spiriti ya majani. Kwetu spiriti hiyo hutibu homa, mafua, na hata uchungu wa mapenzi. Kisha alifunga kitambaa akaendelea na kazi.

Siku moja jirani yake Zoraida alileta sketi ipunguzwe. Zoraida hufanya kazi hospitalini. Huwasaidia wagonjwa kufanya mazoezi ya viungo. Alimwona Migdalia akishuka ngazi kinyumenyume.

"Keti hapo," alisema.

"Nina kazi, Zoraida."

"Nimesema keti. Mtu mzima anashuka ngazi kama mtoto wa mwaka mmoja!"

Alibonyeza mfupa kwa kidole kimoja. Migdalia alipiga kelele. Tusi lililomtoka liliwafanya watoto wake wacheke.

"Panauma hapa tu, padogo kama sarafu? Hata ukiwa umelala?"

"Ndiyo. Lakini nikipaka spiriti..."

"Spiriti haiungi mfupa! Maumivu ya misuli hutawanyika, tena hupungua ukipumzika. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa ni ya kupelekwa hospitali. Kesho tunakwenda."

Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Daktari alimkataza kucheza kwa wiki nane. Kama angeendelea, mfupa ungevunjika kabisa.

"Miaka ishirini nimecheza!" Migdalia alilalamika njiani. "Kwa nini niumie sasa?"

"Hilo ndilo swali. Mmebadili nini?"

Walikwenda ukumbini. Mwezi wa Februari wanawake walikuwa wameng'oa sakafu ya mbao kwa sababu ya mchwa. Juu ya zege walibandika vigae vyeupe vinavyong'aa. Migdalia ndiye aliyevichagua.

"Vimependeza, sivyo?"

"Sana. Vinafaa jikoni." Zoraida alipiga mguu chini. "Ukiruka juu ya ubao, ubao hubonyea kidogo. Hupokea sehemu ya kishindo. Zege na kigae havibonyei. Kishindo chote kinarudi mguuni, mara mia kadhaa kwa jioni moja."

Migdalia alivitazama vigae vyake. "Kwa hiyo Nereida si mvivu."

"Si mvivu."

"Mungu wangu! Nimemtukana hadi mbele ya mama mkwe wake."

"Basi anzia hapo."

Jioni hiyo Migdalia alimpelekea Nereida sufuria ya wali wa mbaazi. Nereida alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuja kuniita gunia la viazi tena?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Wewe ulijua kupumzika. Mimi nimejivunja mguu kwa ubishi."

"Wali una nyama?"

"Una nyama."

"Pita ndani."

Nereida aliwaita wenzake wote. Walifanya kazi Jumamosi mbili. Hawakung'oa vigae. Juu ya vigae hivyo walipanga vipande vya mpira, kisha mbao nyembamba zilizoachiwa nafasi katikati, kisha plaiwudi mbili, moja juu ya nyingine. Mbao zote zilipakwa dawa ya mchwa. Zoraida aliwafundisha kupasha mwili moto dakika kumi kabla ya kucheza. Aliyeumia alipumzika bila kusemwa.

Siku ya sikukuu walicheza wanawake kumi. Migdalia alikaa kwenye kiti na kukikasirikia kiti hicho siku nzima.

Mwezi wa Agosti daktari alimruhusu kurudi, polepole. Alhamisi iliyofuata Luz ndiye aliyekuwa akipiga ngoma. Katika bomba, mpigaji humfuata mchezaji. Kila hatua ya mchezaji lazima ijibiwe na ngoma.

Migdalia aliinamia ngoma kwa heshima. Akashika sketi yake, akapiga mguu wa kulia chini. Ngoma ikajibu. Akapiga tena. Ghafla akasimama na kukunja uso.

Nereida akamkimbilia. "Nini? Mguu unauma?"

"Mguu ni mzima," Migdalia alisema. "Luz amechelewa. Luz! Amka, mama, tunaanza upya!"