Rangi Yangu ya Kucha Kwenye Springi ya Mwingine

Nilikuwa nimelipandisha gari kwenye lifti, tairi za nyuma zinaning'inia, nikaigusa springi ya kushoto kwa kidole tu. Ikanidondokea mkononi.

Springi nzima haina tabia hiyo. Hata ukiinua gari mpaka darini, inabaki imebanwa kwenye kikalio chake, na kuitoa utatoka jasho. Ukiona imedondoka yenyewe, ujue kuna mpumbavu kaikata mizunguko miwili kwa grenda ili gari lilale chini, aonekane kijana wa mjini. Wako watu wanaochukia mende. Mimi nachukia springi zilizokatwa, na nina bamba la chuma kwenye mfupa wa bega linalonipa haki hiyo.

Nikaigeuza nione palipokatwa. 

Pale palipokatwa pamepakwa rangi ya kucha ili chuma kisishike kutu. Zambarau iliyokolea, yenye chembe za dhahabu. Rangi hiyo hakuna duka linaloiuza hapa Iizuka wala mkoa mzima wa Fukuoka, huku kwetu Japani, kwa sababu niliichanganya mwenyewe kutoka chupa mbili, nikaiweka kwenye mfuniko wa sanduku langu la spana nikiisubiri siku ya kuchumbiwa. Mwezi wa tano ikapotea. Mchumba wangu Shunpei akanisaidia kuitafuta, akainama mpaka chini ya meza, akaniambia labda Baba kaitupa na takataka.

Na huo ujanja wa kupaka rangi ya kucha, nilimfundisha mimi. Tulikuwa na miaka ishirini na mbili, tunakata springi za gari lake nyuma ya gereji huku tunachekeana kama wendawazimu. Nikikumbuka najisonya mwenyewe.

Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa kahawa ya kopo. Msichana mpole, kajitambulisha kwa jina la Nagisa, anafanya kazi ya kutunza wazee. Ukaguzi wa gari lake ulikuwa unaisha wiki hiyo, akaja kwetu kwa kuwa tuko jirani na hospitali anapotibiwa bibi yake.

"Dada, gari lako nani kalichezea hivi?"

"Mchumba wangu," akasema. "Aliliazima siku moja, likarudi limelala. Anasema gari refu linamtia aibu akipanda."

"Wewe ulitaka?"

"Sikutaka. Bibi ndiye anayeteseka, kila shimo anashika mgongo analia. Nikimwambia mwenzangu, anasema bibi atazoea."

Nikamweleza kwamba bibi kuzoea si tatizo kubwa. Tairi likiingia kwenye shimo kwa kasi, springi inaruka kutoka mahali pake, na hapo usukani si wako tena. Akaweka kopo chini. Akasema ngoja ampigie amuulize kama springi za zamani bado anazo, akaweka simu kwenye spika juu ya meza yangu ya kazi.

"Nagi, mpenzi, uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Shunpei. Asubuhi ile ile sauti hiyo ilikuwa imeniuliza kama nimelala vizuri.

"Niko gereji. Fundi anasema springi hazipiti ukaguzi."

"Gereji gani?"

"Hii ya Kurosaka, ya jirani na hospitali."

Akashusha sauti.

"Toka hapo sasa hivi. Si nilikwambia uende ng'ambo ya mto?"

"Kwani pana nini?"

"Pana mwanamke, binti wa mwenye gereji. Miaka yote ananing'ang'ania. Jimama linanuka oili hata likitoka kuoga, kitu kile nani ataoa? Namvumilia kwa ajili ya mzee wake tu, nina shughuli naye. Toka, mpenzi wangu, usiongee naye."

Nagisa alikuwa ananitazama kifuani. Jina KUROSAKA limeshonwa pale kwa uzi mwekundu. Akanyoosha kidole taratibu akakata simu.

"Dada," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Jumapili saa tano wazazi wetu wanakutana kunichumbia rasmi."

"Mimi kaniambia harusi yetu ni mwezi wa kumi na moja."

Akajifuta midomo kwa mkono wa sweta, akarudia, akarudia tena, kama mtu aliyelamba kitu kilichooza. Nami nikanusa viganja vyangu. Vinanuka oili, ni kweli. Ila uvundo wa siku ile haukutoka kwenye oili.

Nilidhani nitamchukia yule binti. Sikuweza. Nikamvutia kiti tukakaa, na kila tulipolinganisha siku, kinyaa kikazidi. Jumatano alizoniambia yuko kwa daktari wa meno alikuwa kwa Nagisa anakula maandazi ya nyama aliyopika bibi. Ijumaa alizomwambia Nagisa yuko zamu alikuwa kwetu, anamkanda Baba mabega.

Sasa mjue huyo Baba. Anaitwa Seigo, moyo wake mbovu, na gereji ile aliirithi kwa baba yake. Hana mtoto wa kiume, ana mimi. Kwa hiyo kwetu Shunpei hakuwa anaoa, alikuwa anachukuliwa: aingie nyumbani, aache jina la ukoo wake, aitwe Kurosaka, akabidhiwe na muhuri wa ukaguzi ambao bila huo hakuna gari linalotoka gerejini kwetu na karatasi halali. Baba alikuwa anahesabu siku. Kila jioni ananiambia kwamba sasa anaweza kufa, jina letu halitashuka kwenye kibao cha mlangoni.

Na Shunpei alikuwa ameapa. Miaka miwili nyuma, zile springi zake tulizozikata wenyewe ziliruka kwenye kona ya mlimani, gari likabamiza ukingo, bega langu likavunjika. Akaja gerejini akapiga magoti mbele ya Baba, akaweka paji la uso sakafuni mpaka oili ikamshika usoni. "Nikikata springi nyingine, Mzee, mkono wangu uoze." Baba akamsamehe. Nami nikamsamehe, tena nililia kwa kumwonea huruma yeye, bega langu likiwa kwenye plasta.

Nikamfungia Nagisa springi mpya. Zile za zamani akasema hataki hata kuziona. Nikazipangusa nikaziweka kabatini.

Saa kumi ujumbe ukaingia: "Mpenzi, leo kuna msichana kaja hapo? Usimsikilize, ana matatizo ya akili, ananifuatafuata. Jumapili usisahau zawadi yangu."

Nikamjibu: "Zawadi yako iko tayari."

Baba sikumwambia. Niliogopa, nasema ukweli. Siku tatu nilikuwa namwandalia supu namtazama anavyokunywa, najiuliza kama maneno yangu ndiyo yatakayomwangusha. Mara mbili nilijiambia ninyamaze, niolewe, jina libaki mlangoni, mzee afe na amani. Kisha namkumbuka bibi wa Nagisa anashika mgongo, mwanaume anamwambia atazoea. Mtu wa namna hiyo ndiye angeshika muhuri wetu. Nani angekuwa salama barabarani?

Jumapili ikafika. Chumba cha mgahawa, mikeka mipya, wao upande ule, sisi upande huu. Kwa kuwa sisi ndio tunaochukua mwana, sisi ndio tuliobeba zawadi: samaki wawili aina ya changu, wa kuchoma, waliofungwa pamoja, chai, mwani uliokaushwa, kipepeo cha mkononi cha kujipepea. Mama yake Shunpei kavaa kimono cha kijivu, anatabasamu kwa adabu zote. Baba kavaa suti aliyovaa kwenye msiba wa Mama, na mkono wa kulia kila mara unarudi mfukoni.

Nikamsogezea Shunpei sanduku lililofungwa kitambaa cha zambarau. Akalipima kwa mikono.

"Zito hili," akasema. "Niliomba saa ya mkononi, umeniletea ya ukutani?"

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka. Akafungua.

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Mama yake akanyoosha shingo, akauliza hicho ni chuma gani. Shunpei akarudisha kitambaa juu haraka.

"Hizi... hizi ni zile za kwangu za zamani, Mama. Chizuru anapenda utani."

"Nipe nione," Baba akasema.

Akavaa miwani. Akaigeuza springi moja, akahesabu mizunguko, akapitisha kidole gumba pale palipokatwa. Mzee anaweza kukuambia springi ya gari gani hata akiwa amefumba macho.

"Gari lako halina springi nyembamba hivi," akasema polepole. "Hii ni ya gari dogo. Na mkato huu haujamaliza miezi mitatu. Umekata gari la nani?"

"Mteja tu, Mzee. Alinililia nimsaidie."

"Na rangi hii?"

Nikaweka mikono yangu mezani. Kucha zangu zilikuwa tupu.

"Ni rangi yangu niliyotaka kupaka leo, Baba. Aliniambia umeitupa wewe na takataka."

Shunpei akalisukuma sanduku kando. Akasema kwani tunavunja uchumba kwa vyuma viwili na kichupa cha rangi, tumekuwa watoto? Nikataka kujibu, mama yake akaniwahi. Akanishika mkono, vidole laini vyenye baridi.

"Mwanangu, usikuze mambo. Yale ya Nagisa yatakwisha akishaingia kwenu. Vijana wote wako hivyo."



Hakuna aliyekuwa ametaja jina la Nagisa.

Nilimtazama yule mama na kimono chake, nikautoa mkono wangu kwenye wake. Kumbe alikuwa anajua. Kumbe walikuwa wanakaa mezani kwao, mama na mwana, wanapanga nani aliwe katikati ya wiki na nani aliwe Jumapili. Nikajipangusa mkono kwa kitambaa cha zawadi mbele yake, wala sikujificha.

"Nagisa ni nani?" Baba akauliza.

"Ni mwenye gari, Baba. Naye ana ahadi ya ndoa, mwezi wa kumi na moja. Yuko kwenye simu yangu, ukitaka kumsikia nampigia. Juu ya springi hizi ndipo alipokuwa anambeba bibi yake mgonjwa."

Baba akasimama. Nami nikasimama haraka, nikamshika kiwiko, macho yangu kwenye kifua chake. Alikuwa anapumua vizuri kuliko mimi.

"Uliapa mkono uoze," akamwambia Shunpei. "Sikuombei uoze, utauhitaji kutafutia kazi. Ila hauigusi gereji yangu."

"Mzee, nisikilize. Gereji itabaki na nani? Huna mtoto wa kiume."

Baba akavua miwani. Akainama, akachukua wale changu wawili na sinia lao.

"Hawa tunarudi nao. Chizuru, beba chai."

Tukatoka. Nyuma yetu mama mtu alikuwa anamwuliza mwanawe nani atalipa chumba.

Tulikaa garini kwenye maegesho, hatuwashi. Harufu ya changu imejaa mle ndani. Nikamwomba Baba msamaha. Nikamwambia najua alitaka jina libaki mlangoni, nami nimelishusha kwa mikono yangu siku ya furaha yake. Akamega kipande cha samaki kwa vidole, akala, akanimegea na mimi.

Kisha akaurudisha ule mkono mfukoni, akautoa. Alikuwa ameshika muhuri wa ukaguzi, ndani ya kimfuko cha hariri alichokishona Mama.

"Nilikuja nao kumpa yeye," akasema. "Miaka kumi na tano wewe ndiye unayelala chini ya magari, mimi natafuta mwanaume wa kukukalia juu. Ningempa yule. Chizuru, karibu ningempa yule."

Akauweka kwenye kiganja changu, akanikunjia vidole. Nililia, mikono yote inanuka samaki, na yeye anaendelea kula kana kwamba hanioni.

Nagisa anakuja gerejini siku hizi, bibi yake nyuma. Bibi analalamika kwamba gari sasa limekuwa refu mno, kupanda mpaka awekewe kigoda. Habari za mgongo hazisemi tena.

Wiki ya tatu Shunpei akaniandikia. Nilidhani msamaha. Nikafungua.

"Chizuru, ukaguzi wa gari langu unaisha Ijumaa. Limelala kidogo, kila gereji inanikatalia. Kwa ajili ya tulikotoka, nipigie muhuri tu."

Nilisoma mara mbili. Mtu hana haya hata ya kuazima. Nikampelekea Baba, akasoma, akaenda kutema mate nje.

Nikamjibu: "Lilete. Muhuri ninao mimi." Nikachukua kile kipande cha mbao tunachopimia, chenye kimo cha sentimita tisa, ambacho gari likishindwa kupita juu yake haliruhusiwi barabarani, nikakiweka katikati ya mlango wa gereji.

Ijumaa ilipita na hakuonekana. Nasikia sasa anapanda basi na mama yake.